Chupa ya Oili kwenye Gari la Binti

Jumamosi, 4 Mei
Binti amekuja gereji. Miezi minane hajakanyaga hapa, tangu mama yake afungashe virago akahamia kwake. Asijidanganye mtu kwamba kanikumbuka — gari ndilo lililomleta. Linakohoa. Nimefungua njia ya hewa: oili tupu, masizi tupu.

Injini ina mpira wa kupumulia, unatoa mvuke wa tumboni na kuurudisha uchomwe. Ule mvuke hubeba oili. Nimemfungia chupa katikati ya mpira, ndani ina wavu: oili inabaki chini, hewa inaendelea na safari. Kazi safi.

Koki ya kumwagia nimeielekeza nyuma, kwenye bodi. Bila spana yangu iliyopinda haifikiki. Ingeweza kukaa mbele, akaifungua mwenyewe kwa vidole viwili. Najua nilichofanya. Nikamwambia kila wiki mbili alete niimwage. Akasema haya. Chai hakunywa.

Jumamosi, 18 Mei
Amekuja! Dakika ishirini. Chupa imetoa robo kikombe cha uchafu. Nimejivutavuta, nimefuta boneti isiyo na vumbi. Kauliza kama nakula vizuri. Nikasema nakula sana. Uongo mtupu. Habari za mama yake sikuuliza, ingawa ulimi uliniwasha.

Jumamosi, 1 Juni
Hakuja. Nimepiga asubuhi, mchana, jioni. Jioni kapokea, eti ana kazi nyingi. Siku hizi kila mtu ana kazi isipokuwa mimi.

Jumanne, 4 Juni
Nimemkuta mkwe, mume wa binti, duka la spea. Shikamoo mzee, mikono miwili, heshima mpaka inakera. Kisha akasema nisihangaike tena na ile chupa, wameitoa. Fundi wa mtaani kwao kaziba matundu yote mawili ya ule mpira kwa boliti. Pamekuwa pasafi, mzee.

Pasafi! Sasa injini itapumulia wapi? Mvuke ukikosa pa kutokea utasukuma sili, zile pete za mpira zinazoizuia oili, na sili ikiachia, oili yote inamwagika barabarani. Huyo fundi alijifunzia wapi, jikoni?

Na mimi, miaka thelathini na moja kwenye kazi hii, nilimjibu nini? "Sawa, mwanangu. Hongereni." Nikachukua plagi zangu nikaondoka. Acha ivuje. Ikivuja watanikumbuka.

Alhamisi, 6 Juni
Kinyozi wa jirani kaja na habari: mama yake binti anaaga watu. Jumamosi wanasafiri wote watatu, binti na mkwe wanampeleka kwa dada yake. Kilomita mia nne, milima mitupu. Chai nikaiacha mezani.

Kuvuja mtaani ni kuvuja tu. Kule injini inaweza kukwama ghafla kwenye mteremko, lori liko nyuma. Nimempigia binti palepale. Nikasema msisafiri, nileteeni gari, ni dakika kumi tu. Akajibu kwa upole kabisa: baba, mara chupa imejaa, mara klipu imelegea, leo injini haipumui. Mama alisema utazua jipya.

Nikamwambia hili la leo ni la kweli. Mdomo wangu huu! Kumbe yale mengine yalikuwa nini? Kakata simu. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingeniamini.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda kwao. Gari halipo, mkwe kaenda nalo kazini. Mama yake kasimama mlangoni, hakunikaribisha. Nimeeleza yote, boliti, sili, milima, hadi jasho likanitoka. Kanisikiliza mpaka mwisho. Akasema miezi tisa sasa natafuta pa kuingilia humu, sasa nimeamua kuingilia kwenye injini. Kisha akafunga mlango taratibu, bila hata kuubamiza.

Mkwe nimempigia mara sita. Hapokei. Atakuwa kakatazwa.

Jumamosi, 8 Juni
Saa nne na dakika kumi. Mkwe kapiga. Taa nyekundu ya oili imewaka, kuna moshi. Nikamwambia azime, atoke barabarani, asiwashe tena hata kwa kujaribu. Akazima. Akasema wao wote ni wazima. Nikauliza mko wapi. Nyuma yake nikamsikia mama yake binti, wazi kabisa: usimwambie, tutatafuta fundi huku huku. Mkwe akababaika. Simu ikakatika.

Nimepakia oili, sili, mpira wa mita moja. Mikono inaniuma kwa kuharakisha. Aibu inaniuma zaidi — Jumanne ningesema neno moja tu pale dukani.

Saa tano na nusu. Nimeegesha njia panda, naandika juu ya usukani. Kwa huyo dada ya mama yake kunafikika kwa njia mbili, ya juu na ya bonde, na sijui walishika ipi. Nimempigia binti. Kapokea, ila hasemi kitu. Nasikia magari yakimpita. Nimemuuliza kwa mara ya tatu, mwanangu, mko njia ya juu au ya bonde.