Bamba la Baba Mkwe na Maji Yasiyotakata

Shangazi Qiu,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana hapa ofisini sina wa kumwambia, wote wanamjua mzee nitakayemtaja na habari ingemfikia kabla ya chakula cha mchana. Mimi ni mhandisi kijana hapa kwenye mji wa mafuta wa Daqing, kazi yangu ni kuiga kwa kompyuta matangi ya kutenganisha mafuta na maji, yaani najenga tangi lilelile kwenye skrini, namimina ndani mafuta na maji ya hesabu, halafu natazama yanavyokwenda, na safari hii nimepewa tangi la kituo ambacho maji yake yanatoka na mafuta mengi hata hayafai kurudishwa visimani kusukuma mafuta, nikaiga, nikarudia, nikarudia tena, na kila mara picha inaonyesha wekundu mahali palepale, kwenye bamba lenye matundu karibu na mlango wa tangi, kwamba matundu yale yanayapasua matone ya mafuta yakawa madogo mno hata hayaelei, na bamba hilo, Shangazi, lilibuniwa na Fundi Luan Decai, ambaye kwa ajili ya bamba hilo alitunukiwa cheo cha mfanyakazi wa mfano, na binti yake Xinrui ndiye ninayetaka kumposa.

Nilipomdokezea Xinrui akanijibu, "Ukiligusa bamba la baba, tafuta mke humohumo kwenye kompyuta." Bosi wangu, Mhandisi Shao, naye anasema, "Picha imeshasema, kijana. Kata, tupa, twende." Jumapili nilialikwa kwao kula maandazi ya kuchemsha ya nyama na kabichi chachu, mzee akanijazia kikombe cha pombe kali akasema, "Haya, mkwe mtarajiwa, hiyo kompyuta yako imewahi kunusa mafuta hata siku moja?" wakacheka wote, nami nikacheka, nikalimeza neno langu pamoja na pombe. Jumatatu nasoma taarifa mbele ya kituo kizima, na yeye atakaa safu ya mbele. Nimefikiria kubadili kipimo cha rangi tu, wekundu ule uonekane kijani, namba sitaghushi hata moja, ni rangi tu. Je, hilo ni kosa kubwa?

Mposaji Aliyekwama

Mposaji,

Ni kubwa kiasi cha kukupotezea kazi, na utastahili. Watu wa kituo hawatasoma namba zako, watatazama rangi. Ukizigeuza umewadanganya. Futa wazo hilo kabisa.

Kwa mengine nakuonea huruma. Mwanamume anayeogopa kumvunjia heshima baba wa mchumba wake si mtu mbaya. Lakini kuna jambo hukuliandika, nadhani kwa sababu umeajiriwa ukalikuta. Kabla ya safu hii ya ushauri niliripoti habari za visima vya mji huu kwa miaka mingi, na nakumbuka mafuta yaliposukumwa kwa maji matupu. Siku hizi maji yanatiwa kwanza kemikali iitwayo polima, yanakuwa mazito kama uji mwepesi, na mazito hayohayo ndiyo yanayorudi kwenye tangi. Fundi Luan alibuni bamba la maji matupu. Wewe umemhukumu kwa uji.

Kwa hiyo rudi kwenye kompyuta leo. Tangi na bamba viache vilivyo, badili kimiminika tu, weka maji ya wakati ule. Kisha omba kituoni vipimo vya maji yaliyotoka bamba lilipokuwa jipya, uvilinganishe na hesabu yako. Vikikubaliana, umethibitisha kwamba mzee alikuwa sahihi, na pia kwamba kompyuta yako inafaa kusikilizwa inaposema bamba hilo sasa halifai. Visipokubaliana, mwenye kasoro ni wewe, na utashukuru kwamba umegundua ukiwa peke yako. Mhandisi Shao alipaswa kukudai jaribio hili mapema. Mwambie nimesema. Kukata chuma kwa picha ambayo haijalinganishwa na kitu chochote ni haraka tu.

Hesabu zikikaa sawa, nenda kwa mzee Jumamosi asubuhi, kabla chupa haijafunguliwa. Asisikie habari hii kwa mara ya kwanza mkutanoni. Chukua picha zote mbili, ya maji ya zamani na ya maji ya sasa, zenye kipimo kimoja cha rangi. Xinrui usimtume mbele. Anamtetea baba yake, ndivyo inavyopaswa, naye ataziona picha baada ya mzee. Na posa usiitaje siku hiyo, asije akadhani unamnunua.

Akikasirika, Jumatatu soma taarifa vilevile, bila kupunguza neno. Ila sidhani atakasirika sana. Watu waliobuni kitu kwa mikono yao hupenda kuulizwa kuhusu kitu hicho. Mwekee picha mezani, anza na ile ya zamani, umwambie: "Fundi, bamba lako lilifanya kazi. Nimelipima. Sasa nisaidie kubuni la maji haya."

Kisha mwachie penseli, achore.