Sahihi yako kwenye karatasi ya shamba

Kwako yaya Casimir, kaka yangu mukubwa, huko Lubumbashi,

Hapa Baraka tuko bazima. Mama anatembea tena, na muhogo iko mingi.

Juma lililopita alikuja muntu mumoja, jina lake Bertin. Anataka kuchimba mabwawa ya samaki kwenye shamba ya marehemu baba, kule Kazimia. Alituonyesha picha za Zambia, akasema alijifunza kazi hiyo kule miaka miwili. Bamama ba soko balifurahi, kwa sababu samaki ya ziwa inapungua. Hata mimi nilitaka kumuamini.

Jirani yetu Térence, mukimbizi wa Burundi, alifugaka samaki kwao. Akamuuliza: «Samaki bakianza kufa ndani ya bwawa, unafanya nini?»

«Kule Zambia samaki habafi,» Bertin akajibu.

Tulipobaki wawili, Térence akaniambia: «Adolphine, kila mufugaji amezika samaki. Huyu hajawahi kuwa na bwawa.»

Kesho yake nilimuambia Bertin kwamba shamba hatuitoi. Hakukasirika. Alitoa karatasi ya kuuzisha shamba, akasema: «Kaka yako alishakubali.»

Sahihi yako iko pale, yaya. Ninaijua, maana wewe ndiye ulinifundisha kuandika.

Mama sijamuambia. Kama ulidanganywa, uje useme mbele ya chifu. Kama hukudanganywa, usinijibu kwa barua. Uje umuambie mama wewe mwenyewe.

Ni mimi mudogo wako,
Adolphine