Kichupa Kilichodhaniwa Kitupu

Jumanne

Kakifungua! Baba mdogo Elisante kakifungua kichupa changu cha protini palepale dukani kwake Kariakoo, katikati ya ndoo na mabeseni anayouza.

Kosa ni langu. Niliomba mzigo ufikie kwake, maana maabara yetu wasafirishaji huwa hawaioni. Na yeye hapokei mzigo bila kuukagua. Nilimkuta anagombana na dereva wa pikipiki aliyeuleta.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mwanangu, umepigwa! Miezi yote hiyo unasubiri, wanakuletea kichupa kitupu? Nimekigeuza, nimekigonga kiganjani, hakuna kitu."

Nilikichukua, nikakifunga upesi. Protini yenyewe ni unga mkavu, mdogo mno, huuoni kwa macho. Nikamweleza kwamba ni kipande tu cha kirusi cha mafua, kimetengenezwa maabara, hakiambukizi mtu. Akarudi nyuma hatua mbili, kisha akaenda kunawa mpaka viwiko.

Jioni nimeiyeyusha na kuipima. Imebaki kidogo, labda ya jaribio moja badala ya manne. Bosi bado hajui. Kesho nitamwambia, na ninaogopa.

Baba mdogo kapiga simu sasa hivi, sauti ya unyonge, anauliza kama kaniharibia kazi. Nimemwambia hapana.

Ningemwambiaje vingine? Wiki yangu ya kwanza kazini nilikiona kichupa kama hicho, nikadhani ni kitupu, nikakitupa kwenye ndoo ya taka. Bosi aliinama, akakiokota mwenyewe, wala hakunifokea.