Nyumba ya Baridi ya Mama Sifa

Kindu

Mama mupenzi,

Mimi niko muzima, meno yote iko, tumbo tu njo inalia. Na wewe, mugongo umepoa? Jiko linavuja bado? Hapa muji muzima unamujua mutoto wako. Mwalimu ule wa Kinshasa, anayefundisha wanafunzi kujenga nyumba za bei ndogo, hawezi kuanza somo kama sijafika na mashini ya kufinya matofali. Masomo niliyaacha mapema, lakini udongo unanisikia.

Ile nyumba ya mufano tumeimaliza. Matofali ya udongo, simenti kidogo, madirisha yanakamata upepo wa muto Lualaba, dari ya mianzi chini ya mabati. Tuliijenga kwenye kiwanja cha mama Sifa, mujane muuza mihogo. Alikubali tubomoe kibanda chake, sababu mwalimu aliahidi yeye njo atakaa ndani.

Siku ya kuionyesha, mukubwa mumoja wa serikali alikuja na abakosti yake, ile koti ya wakubwa, jasho inamutiririka.

«Citoyen, ndugu mwananchi, ingia ukae,» mwalimu akasema. «Wanafunzi wamepima joto, lakini mwili wako njo kipimo.»

Mukubwa akakaa. Akalala. Akakoroma mbele ya wanafunzi wote. Alipoamuka akasema, «Baridi ya namna hii ni ya kazi ya muji. Ofisi yangu njo hapa.»

«Na mimi, baba?» mama Sifa akauliza.

«Wewe, mama, umezoea jua.»

Watu walicheka. Mimi pia, kinywa kilitangulia. Mwalimu akaangalia viatu vyake, akawaambia wanafunzi waandike kwamba nyumba imefaulu.

Sasa kila salongo, ile kazi ya bure ya Jumamosi, mama Sifa njo anapewa ufagio wa pale mulangoni. Kuingia, hapana. Nimemupa chumba changu. Mimi ninalala kwenye mashini, ninawaambia watu ninailinda.

Njo maana ninaandika mbio. Nilimuambia mudogo wangu Assani abomoe nyumba yako, nikuje Punia kukujengea ya baridi. Asibomoe. Huko pia iko wakubwa wenye jasho. Kama ukuta umeisha kuanguka, aurudishe na fito na udongo kama zamani.

Umusalimu bibi ya Assani, mukamwana wako, na shangazi Zaina mushonaji. Mama Sifa naye anakusalimu. Anasema ukae humo ndani ya joto yako, na mukubwa akipita, ulalamike joto kwa sauti.

Mutoto wako,
Ramazani, mutu ule udongo unamusikia