Fimbo kwenye sherehe ya Bibi Koku

Jumamosi, jioni. Mvua ya asubuhi imekatika lakini ziwa bado limechafuka. Nasikia mawimbi yakigonga mawe kutoka hapa nilipolala. Mkono wangu wa kulia umevimba. Naandika kwa kidole cha kushoto, makosa ya herufi mnivumilie.

Leo ilikuwa siku ya Bibi Koku.

Kwa wasiomjua, ni mama mtu mzima wa Kihaya, mwalimu mstaafu, anayeandika vitabu vya watoto. Darasa langu la nne hapa Nyegezi wamevisoma mpaka kurasa zimelegea. Kile cha furu, samaki mdogo anayejificha mdomoni mwa mama yake kila sangara akipita, wanakijua chote kwa kichwa. Tulikuwa tumekata samaki wa maboksi, tukawapaka rangi, kila mtoto amevaa mapezi yake mgongoni. Bibi alipoingia ukumbini mwa shule wakapiga kelele, "Shikamoo Bibi!" mpaka mabati yakatetemeka.

"Marahaba wajukuu zangu," akacheka. "Ninyi mmekula? Mimi bado."

Aliyechaguliwa kumsomea ni Kabula. Mtoto mkimya. Mama yake alimkimbia mumewe huko Misungwi kwa sababu ya vipigo, akaja naye kuishi kwa dada yake mtaani kwetu. Leo Kabula alisimama na mapezi yake, akasoma kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Hakufika ukurasa wa mwisho.

Mlango ulipigwa teke. Baba yake akaingia amelowa chapachapa, fimbo ya kuchungia ng'ombe mkononi.

"Kabula! Twende! Mama yako atakufuata mwenyewe."

Viti vikaanguka. Watoto wakakanyagana kurudi nyuma. Alimkamata Kabula shingoni akaanza kumburuta, na mtoto alipong'ang'ania mguu wa meza, akamchapa mgongoni. Mapezi ya boksi yakapasuka. Kabula hakulia hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko kama angelia.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimeshika sinia la maandazi. Miguu iligoma.

Bibi Koku ndiye aliyekuwa karibu. Alimvuta mtoto, akamweka nyuma yake, akainua mkono.

"Anza na mimi," alisema.

Nadhani sote tuliamini hatathubutu kumpiga mwanamke wa umri ule. Akathubutu. Mfupa wa mkono ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu. Akampiga tena, kichwani, na damu ikamwagikia vitabu alivyokuwa amewaletea watoto.

Hapo ndipo miguu yangu iliporudi. Nilimrukia kwa nyuma. Sakafu ilikuwa na maji ya mvua, tukaanguka wote wawili, fimbo ikamtoka. Nikaiwahi.

Nilimpiga begani asiinuke. Hilo nitalisimamia mbele ya yeyote. Lakini hakuinuka, na mimi niliendelea. Mgongoni. Mbavuni. Kwenye mikono aliyojikinga nayo uso. Akasema, "Basi, mwalimu, basi," nami nikaupiga mdomo uliosema basi.

Ilikuwa tamu.

Sijui neno jingine. Nimetafuta tangu mchana.

"Mwanangu, acha." Ilikuwa sauti ya Bibi Koku, kutoka chini alikoanguka. "Watoto wanakuangalia."

Nikageuka. Walikuwa wamejibana ukutani na mapezi yao ya maboksi, wengine wamejikojolea. Na macho yao hayakuwa kwa yule mwanaume. Yalikuwa kwangu.

Polisi walimchukua akichechemea. Bibi Koku amelazwa, mkono umefungwa hogo la plasta, paji la uso limeshonwa. Nilipokwenda kumwona aliniuliza jambo moja tu: Kabula yuko wapi? Nikamwambia yuko kwa mama yake, na baba yake yuko mahabusu. Akashusha pumzi, akafumba macho.

Wazazi wananitumia ujumbe tangu saa zile. Shujaa, wananiita. Sijamjibu hata mmoja.

Kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu. Kabla ya kwenda hospitali nilimpeleka Kabula nyumbani mimi mwenyewe. Alinishika mkono wangu wa kushoto, ule mzima, tukapita kwenye matope. Tulipokaribia mlango akaniambia, bila hasira, kama mtoto anayeeleza alichokiona:

"Mwalimu, ulivyokuwa unampiga baba, uso wako ulifanana na wake."

Mama yake akafungua mlango.

Jumatatu Kabula ataingia darasani kwangu. Akiniuliza kuhusu lile pigo la kwanza, nitamwambia ndiyo, ningelirudia hata leo. Akiniuliza kuhusu yale yaliyofuata, nitamwambia nini?