Juu Kule Hakuna Mti

Mtani wangu Yeremia,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, getini Mikumi. Wageni wangu wamekwenda msalani, na wakirudi watataka kununua kofia, kwa hiyo nina muda. Wiki tatu sasa nimekukasirikia na hasira yenyewe haina pa kwenda, kwa sababu mwenyewe umelala kwenu Berega, umefunikwa udongo, umetulia zako. Ndiyo maana nimeomba karatasi pale ofisi ya tiketi.

Kwanza habari za hapa. Gari lako limeuzwa kwa mtu wa Kidodi. Anabebea vibarua wa kwenye miwa, na vile viti ulivyokuwa unavifuta kila asubuhi kama vya kanisani sasa vimejaa masizi. Nafasi yako ya kuegesha haijaguswa na mtu. Kila dereva akifika anaizunguka, utafikiri bado umo ndani unasoma gazeti. Hata hiyo inaniudhi. Mimi nikienda nyumbani Kilosa siku mbili tu, nikirudi nakuta mtu ameegesha kwangu na ameweka na jiwe nyuma ya tairi.

Wivu, ndiyo. Niliseme wazi, maana ulipokuwa hai nilisema kwa utani na wewe ukacheka. Nimekuonea wivu miaka tisa kwa ajili ya siku moja ya homa.

Unaikumbuka. Wale walimu wa Norwe, mtu na mkewe, walikuwa wageni wangu. Jina langu ndilo lililokuwa kwenye karatasi. Asubuhi malaria ikaniamkia, natetemeka meno yanagongana, nikakupigia simu mimi mwenyewe kwa kidole changu: Yeremia, nishikie wageni. Ukawashika. Na siku hiyo hiyo, katika siku zote alizoumba Mungu, mbwa mwitu wakatoka wakalala barabarani mbele ya gari lako, wakacheza na watoto wao karibu saa nzima. Mimi miaka yote niliyoendesha mle porini nimeona mikia yao tu ikiingia majanini. Walimu wakalia kwa furaha, wakasema wewe ndiye uliyewaletea. Mwaka uliofuata ikaja barua ya mwaliko: wiki mbili, mji unaitwa Tromso, kaskazini kabisa ya Norwe, jina lako. Ulikuja kunionyesha ukiwa umeishika kwa mikono miwili. Nikakupa mkono wa hongera, halafu nikaenda nyuma ya gari kukagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

Ukarudi na koti na maneno. Koti la bluu, zito, lina manyoya shingoni. Maneno nayo hayakuisha mpaka unakufa.

Ningeweza kuyaandika yote hapa kwa mpangilio wako. Unaanza na daraja refu lililopinda mgongo, kwa sababu mji uko kisiwani. Unavuka, ng'ambo unakutana na kanisa jeupe lililojengwa kama vigae vikubwa vilivyosimamishwa vikaegemeana, na kioo cha rangi kutoka chini mpaka darini. Humo ulipiga magoti, watalii wakakupiga picha wakidhani ni sehemu ya matembezi. Halafu jumba la sili, wale wanyama wa baharini wenye masharubu, wanalishwa samaki watu wakitazama. Ulisema kazi ya yule mlishaji ni kama yetu, ila wanyama wake wanakuja kwa wakati. Halafu nyumba ya mbao ya kumbukumbu za wawindaji wa kwenye barafu, na dubu weupe waliokaushwa. Halafu bustani ya maua isiyo na geti wala tiketi, ambayo uliwasimulia askari wa hapa getini mpaka wakaanza kununa. Na jua lisilotua, ulilokuwa unalitaja kila tukiona giza linaingia, kana kwamba giza ni kosa letu watu wa Mikumi.

Mlima ulikuwa unauweka mwisho, kama mtu anavyoweka mnofu pembeni ya sahani amalizie nao. Kijibehewa kinaning'inia kwenye nyaya za chuma, kinakupandisha mpaka kileleni mara moja. Na juu kule, ulisema, msitu. Miti imefungana, matawi yana ndevu, ukungu unapita, ndege wanaimba usiowajua, na ukisogeza tawi unauona mji wote chini, daraja, bahari, na milima ya theluji. Ulikuwa unainua mkono na kulisogeza lile tawi. Kijiwe kizima kinanyamaza. Mkono ule, Yeremia, ndio uliokuwa unanichoma.

Presha ilikupiga Jumanne, Alhamisi tukakuzika. Binti yako Neema alisoma wasifu kanisani. Alisoma shule ulizosoma, kazi ulizofanya, na pale pa "aliwahi kufika Norwe, mji wa Tromso, akapanda mlima wake kwa behewa la nyaya" sauti yake ikapanda, na watu wa kwenu wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Wasifu wangu mimi utasomwa nini, nilijiuliza. Kwamba aliwahi kuugua malaria.

Ukaja wakati wangu. Mimi Mnyamwezi wa Kilosa, mjukuu wa mtu aliyeletwa na kazi ya reli, wewe Mkaguru, watani tangu mababu. Kazi ya mtani msibani unaijua, ni kuwachekesha waliochoka kulia na kumwigiza marehemu, na hakuna wa kumkasirikia. Nikachukua koti lako chumbani, nikalivaa juani, nikatoka mbele ya waombolezaji. Karibuni wageni, kushoto kwenu kanisa, msiwape sili chapati. Nikapanda kijibehewa, nikafika juu, nikasogeza tawi. Mama Neema alicheka mpaka akashikwa. Baadaye akaniambia, koti chukua, shemeji, ni lako. Wote waliona mtani anafanya kazi yake. Mle ndani ya koti sikuwa natania.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Wiki tatu zilizopita nilipata wageni wawili, wazee, mke anaitwa Mama Inga. Tumeingia porini, nikawauliza wanatoka wapi. Tromso. Nilisimamisha gari, na hapakuwa na mnyama. Nikasema naijua Tromso. Hapo ningeishia. Mdomo ukaendelea wenyewe, nikasema nilifika.

Nikawatembeza mji wao, Yeremia. Nilishika usukani huku twiga wanapita kulia wala hakuna anayewatazama. Daraja, kanisa, kioo, sili, dubu, bustani isiyo na geti. Mama Inga anapiga makofi kwenye kiti cha nyuma, mumewe ananigusa bega. Kila nilichosema ni chako na kila kilipotoka kilikuwa changu. Sijawahi kuendesha nikiwa na raha namna ile. Nikafika mlimani, nikapanda, nikainua mkono na kusogeza tawi.

Nikaona kwenye kioo cha dereva Mama Inga ameacha kutabasamu.

Akauliza tawi la nini. Nikasema la mti, msitu wa kule juu. Akamtazama mumewe. Akaniambia kwa upole, kama mwalimu, kwamba juu kule hakuna mti. Miti inaishia njiani, baridi inaikataa. Kileleni ni mawe, majani mafupi, upepo, na theluji iliyojificha kwenye mashimo hata mwezi wa sita. Nikamuuliza, hata mmoja? Akasema hata mmoja.

Masikio yaliniwaka moto. Nikasema labda nachanganya na milima ya Udzungwa, nimezeeka, nikawaonyesha twiga. Walikuwa watu wema, wakawatazama twiga. Tena yule mama akanisimulia kileleni kwenyewe kulivyo, taratibu, mpaka tunatoka getini, bila kunisuta.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeshaelewa. Milima yenu ya Ukaguru, kadiri unavyopanda ndivyo msitu unavyozidi, juu kabisa ndiko kwenye ndevu na ukungu. Wewe ulijua mlima wa namna moja tu. Ule ulioutazama kutoka chini ukaupachika kichwa cha kwenu. Hukupanda.

Nilifurahi. Nisikufiche, wewe umelala na mimi siogopi kitu. Siku tatu nilikuwa nafurahi. Nilikuwa naoga najicheka. Nilipanga namna ya kulimwaga kijiweni, mbele ya wote, na nani atashangaa, na nani atasema ndiyo maana. Siku ya nne nikakumbuka ngazi.

Ngazi ya tangi la maji pale kambini, mwaka ule tembo walipovunja bomba. Walikutuma upande ukafunge koki. Milima ulipanda kama mbuzi, lakini ukafika kipandio cha nne ukaganda. Umekumbatia chuma, macho umefumba, jasho linadondoka. Nikapanda nyuma yako nikakushusha, nakushika mguu mmoja naushusha, nashika mwingine naushusha, mpaka chini. Ukakaa kwenye nyasi. Hukusema asante. Ulisema, "Kasimu, hili lisifike Berega." Halikufika. Sikulitoa hata kwenye utani, na unajua mdomo wangu.

Kwa hiyo nilijua ulivyosimama chini ya zile nyaya na wenyeji wako wanakusubiri. Nilikuona kabisa. Furaha ikaisha, ikaingia hasira hii niliyonayo. Mimi ndiye niliyekushika miguu, na hata mimi ukanificha? Umenikalisha miaka yote hii nautamani msitu usiokuwepo. Lakini nimejijibu mwenyewe. Ungeniambia kwamba ulifika chini ya mlima ukashindwa, ningekwambia ile safari ilikuwa yangu, na mimi ningepanda. Ningekwambia hivyo kila siku ya maisha yako. Hukunificha bure.

Na ningepanda, Yeremia. Hilo haliondoki. Nafasi ya kwenda uliipata wewe na miguu ya kupandia nilikuwa nayo mimi.

Juzi Neema akanipigia simu kutoka chuoni Morogoro. Shikamoo baba mdogo, marahaba mwanangu, na hata habari za nyumbani hakuuliza. Nikajua kuna jambo. Anasoma utalii, si unajua, na kila mmoja anatakiwa asimame mbele ya darasa aeleze vivutio vya mji mmoja wa nje. Wenzake wamechukua Paris na Dubai. Yeye amechukua Tromso, na ameandika yote kama ulivyokuwa unasema. Akaingia kwenye simu kutafuta picha za kubandika. Akaniuliza, "Baba mdogo, mbona kileleni sioni mti?" Kisha akauliza taratibu zaidi, "Baba alipanda kweli?"

Mtani, nilikuwa nimekupata. Sikuhitaji hata kusema. Ningekaa kimya tu kidogo, mtoto angejijibu mwenyewe, na mwisho wake ungekuwa mwisho wa mlima wako. Mimi na wewe tungekuwa sawa, wote wawili wa chini. Nilikaa kimya kidogo. Nakuambia ukweli, nilikaa.

Halafu nikaanza kucheka, kwa sauti, ile ya msibani. Nikamwambia, mwanangu, msitu ule ni wangu. Baba yako aliporudi alisema kileleni hakuna mti hata mmoja, nikamtania kwamba Mkaguru hawezi kupanda mlima usio na msitu, atajuaje amefika. Nikawa kila akisimulia mimi naingiza miti. Akachoka kubishana, akaiacha, mwishowe akawa anaisema mwenyewe kuniridhisha. Watani ndivyo tulivyo. Chukua kalamu nikwambie alivyosema siku ya kwanza, kabla sijamharibia.

Nikampa kilele kwa maneno ya Mama Inga. Mawe, majani mafupi yamelala upande mmoja kwa upepo, theluji imejificha kwenye mashimo. Kanisa kwa kule juu ni dogo kama karatasi iliyokunjwa, daraja kama uzi. Kijibehewa kinayumba kidogo kikikaribia, na baba yako alishika chuma cha dirishani kwa nguvu, maana alikuwa na woga. Akauliza, baba alikuwa na woga? Nikasema sana. Lakini alipanda.

Nikamsikia anaandika. Alikuwa analia pia, ila anaandika.

Koti lako liko Kilosa, limening'inia nyuma ya mlango, na kwa joto la kule mke wangu anauliza tunamsubiri nani. Namsubiri Neema. Siku akipata safari yake, na atapata, ana kichwa chako, nitampelekea mwenyewe. Nitamwonea wivu na yeye, usidhani nimepona. Mama Inga alisema akirudi mwakani atanitafuta. Nitamwambia kwamba aliyefika Tromso ni rafiki yangu, mimi nilikaa kwenye gari lake la maneno tu. Maneno yako nimekurudishia yote, pamoja na nyongeza. Na lile la ngazi na hili la nyaya, mtani, hayatafika Berega.

Wageni wamerudi, wamevaa kofia. Lala salama. Ukiulizwa huko uliko, sema ulipanda, kulikuwa na upepo, na hakuna mti hata mmoja. Usije ukaniangusha.

Kasimu