Jina Nililolificha Kwenye Kundi la Wengineo

Mpendwa Maman Aline,

Nimeketi kwenye kiti chako cha veranda, hapa Nguba, blanketi magotini na kompyuta juu ya blanketi. Ziwa liko palepale ulipoliacha. Daktari amesema moyo wangu umechoka, na alilisema kwa upole mwingi mno, nikajua si uchovu wa kupumzika ukaisha. Usihuzunike. Nakula bugali kidogo, nalala mchana kama askofu, na binti yetu Aline ananikataza chumvi kwa sauti yako wewe. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike, na kabla hatujaonana nina jambo la kukuungamia. Linahusu orodha yetu ya barua pepe.

Unakumbuka tulivyoanza. Mimi nilikuwa nimestaafu kufundisha Kilatini, sijui nifanye nini na mikono yangu, nawe ukasema watoto wa Bukavu walioko Ulaya na Kanada wanatamani kuwalisha wazazi wao lakini hawajui wamtume nani sokoni. Ndipo kikazaliwa Kikapu cha Nyumbani. Mtoto anaagiza kutoka huko aliko, sisi tunajaza kikapu: maharagwe ya Minova, mchele wa Luberizi, samaki wadogo wa sambaza waliokaushwa vizuri, na mbuzi kama kuna sikukuu. Tunampelekea mzazi, tunampiga picha amekishika, tunairudisha picha kwa mtoto. Kila mwezi niliandika barua moja kwenda kwa wateja wote. Nilijivunia sana barua zile. Zilikuwa na utangulizi.

Kisha ikaja ile ya Sikukuu ya Akina Mama. Niliipa kichwa "Mama anakungoja", nikabonyeza, ikaondoka kwa mpigo mmoja kwenda kwa kila mtu tuliyekuwa na anwani yake. Asubuhi iliyofuata tukapata jibu la mwanamke mmoja wa Namur. Aliandika kwamba mwezi uliopita tulikuwa naye kwenye mazishi ya mama yake, na kwamba wewe mwenyewe ulimenya ndizi kwenye kilio kile. Aliandika hayo tu, bila hata neno la hasira.

Ulisoma ukiwa umesimama, ukiwa bado na kitambaa cha jikoni begani. Halafu ukanitazama kama mwanafunzi aliyeshindwa somo jepesi.

"Papa Aline, batu ya kilio na batu ya ndoa, weye uko nabasalimia na kinywa kimoja?"

Watu wa kilio na watu wa ndoa, kwa kinywa kimoja. Miaka yote ya Kilatini, na kosa hilo sikuliona.

Siku tatu mfululizo tukakaa uani baada ya chakula cha mchana, wewe ukibambua maharagwe mabichi, mimi nikiwa na kompyuta. Nilisoma jina, wewe ukanisimulia maisha yake. Nimefundisha darasani miaka mingi, lakini sijawahi kuona mtu anayejua orodha ya majina kama ulivyoijua ile. Huyu mama yake iko, ulisema, lakini meno haina tena, usimuandikie mambo ya mahindi. Huyu anakumbukaka nyumbani Noeli tu, usimusumbue Pasaka. Huyu baba yake ni mutu ya Mwenga, bila ndizi hatashiba. Na huyu, anaulizaka bei, hanunuaka. Umuandikie mara moja ku mwaka, kwa heshima.

Makundi ukayapa majina wewe: Mama Iko. Baba Peke Yake. Noeli Tu. Wanaouliza Bei. Kundi la walio kwenye kilio ukaniambia nisiliuzie kitu chochote. Kwao nilipaswa kuandika pole, mistari mitatu, bila picha ya mbuzi. Mwaka ukizunguka, wakati wa misa ya kumaliza kilio, ndipo tuwaulize kwa sauti ya chini kama kuna shangazi au jirani wa mama ambaye wangependa tumpelekee kitu.

Mimi nilidhani tutapoteza wateja. Kumbe wale wa kilio ndio walioagiza kuliko wote, maana kila mmoja alikuwa na shangazi. Noeli ya mwaka ule mbuzi walijaa uani hadi jirani akauliza kama tumefungua seminari yao.

Na orodha hukuiacha ilale. Ulikuwa unarudi kutoka mazikoni Kadutu au Bagira, na kabla hujavua viatu unaniambia nimtoe mtoto wa fulani kwenye Mama Iko. Nilikuwa namtoa, nawe ndipo unakwenda kunawa. Baadaye watu walipokuja kuniuliza siri ya biashara yetu, niliwaeleza kwa kirefu habari za kugawa wateja kwa makundi, kana kwamba nimeisoma kitabuni. Sikutaja maharagwe mabichi wala kilio. Hiyo ihesabu kuwa dhambi ndogo. Kubwa inakuja.

Kubwa inaitwa Déo.

Wote wawili tunajua Déo alikuwa nani. Mliimba pamoja kwaya ya parokia kabla sijakufahamu, na kulikuwa na mwaka mmoja ambapo watu walidhani ataleta mahari kwenu. Akaenda Liège, Ubelgiji, kusoma, nami nikaja na baiskeli yangu na Kilatini changu. Alipojiandikisha kwetu ili kumlisha mama yake kule Bagira, niliona sawa. Mteja mzuri, barua fupi, analipa mapema. Mama yake alipofariki tulimhamishia kundi la kilio, tukamwandikia mistari mitatu. Mwaka ulipozunguka nikamuuliza, kwa sauti ya chini kama ulivyofundisha, kama kuna mtu ambaye angependa tumpelekee kikapu.

Akajibu kwamba yuko. Kikapu kimoja chenye jibini na matunda ya fraizi, yaani stroberi. Mpokeaji: Fébronie.

Hakuandika Maman Aline. Aliandika Fébronie, jina ambalo hata mimi nilikuwa silitumii tena ila kwenye karatasi za serikali. Na ujumbe wa kuweka kwenye kikapu: "Kwa yule aliyenifundisha kuimba sauti ya pili."

Nilikuwa na umri wa miaka sabini na moja, Maman Aline. Niliona wivu hadi masikio yakapata moto.

Kikapu nilikijaza, kwa sababu agizo ni agizo. Lakini kadi nikaichomoa, nikakuambia mteja mmoja ameahirisha, basi tukile sisi wenyewe. Ulifurahi sana. Ulikula fraizi ukiwa umekaa kwenye ngazi, miguu juani, ukasema heri yule mteja aahirishe kila wiki. Mimi nilikula jibini ya mwenzangu na kila kipande kilinikwama.

Halafu nikaenda kwenye orodha. Nilitaka kulifuta jina lake nikashindwa. Mwalimu hafuti jina kwenye rejista. Mtoto akihama unaandika amehama, lakini jina linabaki. Basi nikatengeneza kundi jipya, nikaliita Wengineo, nikamweka Déo humo peke yake, na kundi hilo sikuliandikia barua hata moja. Sikulifungua tena. Nililipita kila mwezi kama mtu anavyopita mlango wa chumba alichoficha kitu.

Kama usingeuliza habari zake, labda ningesahau. Lakini kila Noeli, tukifunga vikapu, uliuliza. "Na Déo, hajaandika?" Nami nikasema labda amebadilisha anwani, labda Wabelgiji wamemzoeza kutokujibu. Ukasema, eh, watu wanaenda na wanasahau, ukaendelea kufunga kamba. Ulisema hivyo Noeli nne. Ya tano hukuwepo.

Hicho ndicho kilichokuwa kinanikaa kifuani, hata kabla ya daktari. Kwamba ulikwenda ukiamini rafiki yako wa ujana alikusahau, na aliyekufanya uamini hivyo nilikuwa mimi.

Padri anayeniletea komunyo nyumbani siku ya Ijumaa nilimwambia yote. Ni kijana, mtu wa Walungu, anapenda kucheka. Alicheka hadi akalazimika kuweka sahani yake ya chakula mezani. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kwa umri wake.

"Papa, mimi naweza kukuondolea zambi. Lakini ile jina, ni weye njo utaitoa kwenye uliiweka."

Alipoondoka nikamwita Aline, kabla hajaenda kazini, aniwekee mto mgongoni na kompyuta mapajani. Siku hizi Kikapu cha Nyumbani ni chake, yuko dukani Nyawera siku nzima, lakini orodha bado inafunguka hapa nyumbani. Nikasoma majina ya makundi uliyoyapa wewe, moja baada ya jingine, nikafika Wengineo. Nikalifungua.

Ndani kulikuwa na watu wawili.

Wa kwanza Déo. Wa pili mimi.

Nilivua miwani nikaipangusa kwenye blanketi. Anwani yangu, jina langu kamili, na pembeni siku ambayo niliingizwa humo: wiki ile niliyofanyiwa operesheni ya jicho, nikawa nimefungwa bandeji na wewe ndiye uliyeshika kompyuta. Naikumbuka wiki ile. Nilikuwa nimelala chumbani nikakusikia unacheka peke yako sebuleni, ukacheka mpaka ukakohoa. Nikauliza kwa sauti unafanya nini.

"Niko napanga batu yetu," ukasema. "Kila mutu ku fasi yake."

Na kumbe ndiyo sababu. Maana tangu operesheni ile sikupata tena barua yetu ya kila mwezi kwenye sanduku langu, mimi niliyekuwa najitumia nakala ili nione ilivyopendeza. Nililalamika miezi mingi. Wewe ukanijibu bila kuinua macho kwamba koneksio ya Bukavu naijua mwenyewe. Nikaenda hadi kugombana na wale vijana wa mtandao. Niliwaita wezi. Nawaomba msamaha nao pia.

Ulijua. Ulimkuta Déo humo peke yake, ukaniweka naye. Zile Noeli za mwisho ulipouliza kama Déo hajaandika, ulikuwa umeshajua, ukawa unanipa nafasi. Na mimi, mwalimu mzima, kila mara nikakujibu habari za Wabelgiji. Sasa nakumbuka ulivyokuwa ukiinamia kamba ya kikapu unaponiuliza. Nilidhani ni huzuni. Ulikuwa unaficha kicheko.

Nimecheka hadi Aline akaja mbio kutoka dukani, maana jirani alimpigia simu kwamba baba anatoa sauti zisizo za kawaida. Nikamwonyesha. Akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi, akasema, "Mama alikuwaka mubaya sana." Akakaa sakafuni kando ya kiti chako, tukacheka na kulia pamoja.

Déo nimemwandikia. Nilimweleza yote: kadi, fraizi, kundi. Sikuweka utangulizi. Alijibu baada ya siku mbili. Habari za kifo chako alizipata kupitia watu wa kwaya, akaombesha misa huko Liège. Hakuwa amekasirika, alisema hata yeye, kama angekuoa, angenifanyia vivyo hivyo. Chini ya barua aliweka agizo: kikapu kimoja, jibini na fraizi. Mpokeaji: mume wa Fébronie. Kimefika jana. Nimekula polepole, kwenye ngazi yako, miguu juani, na jibini safari hii haikunikwama. Ile kadi yake ya kwanza, niliyoificha kwenye kamusi ya Kilatini, nimemwagiza Aline aiweke kwenye kaburi lako, chini ya jiwe dogo isipeperuke. Imekuja kwa kuchelewa, lakini agizo ni agizo.

Barua hii nataka isomwe na wote. Wamenijua kwa barua zangu nzuri, na wengi wanaamini makundi yale niliyabuni mimi. Leo wajue ni nani aliyekuwa akirudi kutoka mazikoni na kupanga majina yao kabla ya kuvua viatu. Kwa hiyo nitaituma kama zamani, kwa mpigo mmoja: Mama Iko, Baba Peke Yake, Noeli Tu, wale wa kilio, hata Wanaouliza Bei. Najua ulichonifundisha. Lakini barua hii ni ya kilio na ya ndoa kwa pamoja, nadhani kinywa kimoja kitatosha mara hii.

Déo nimemtoa kwenye Wengineo. Nimemrudisha mahali pake, naye ataipata. Kundi lile sasa limebaki na mtu mmoja, na huyo sitamhamisha. Barua itakapoondoka mimi peke yangu sitaipokea. Ulinitia humo kwa mkono wako, Fébronie, na humo nitakaa kwa utulivu, hadi utakaponitoa wewe mwenyewe.

Nifungulie ukinisikia mlangoni.

Mume wako,
Papa Aline